Mwalimu na Vita vya Kusikia

Sisi Wakongo wa Grand Prairie, hapa Texas, tulimwita Mwalimu, basi. Jina analo, lakini sijawahi kulitumia mbele yake na sitaanza leo. Watoto wetu, ambao ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walimwita Mister Ba. Hawakumaanisha ubaya, na mwenyewe alijifanya hasikii.

Jina hilo lilitokana na ulimi wetu. Watu wa Kongo ya mashariki hatusemi "wanasema", tunasema "banasema", na vita vyetu vyote hutufikia kwa neno hilo. Banasema bameingia. Banasema soko limechomwa. Banasema daraja halipitiki. Mtu akija kwa Mwalimu na banasema yake, hata akiwa analia, Mwalimu alimkalisha kwanza, akampa maji, akangoja pumzi itulie. Kisha alimuuliza kwa sauti ya darasani: "Huyo Ba iko nani? Iko na jina? Iko na macho?" Wengi walikunywa maji wakaenda zao, wengine wametulia, wengine wamekasirika.

Nitasema mapema kwa nini mambo hayo yalinihusu. Mama yangu alibaki kule, katika mji wetu kando ya ziwa, na binti mmoja wa shangazi yangu, na goti bovu. Kila sauti iliyoingia kwenye simu yangu ilikuja na swali lilelile: nimwambie mama aondoke, au nimwache akae? Nilikwenda nalo kazini, nikawageuza wazee wa watu vitandani huku nikiliwaza. Niliogopa akikaa na niliogopa akiondoka.

Mama mwenyewe alikuwa na sababu ya kukaa. Nilipokuwa mdogo, banasema ilipita mtaani kwetu asubuhi moja, na mama akatukusanya wote tukaingia barabarani katika mvua. Mdogo wetu wa mwisho alishikwa na homa njiani, akafa, tukamzika pembeni ya shamba la mtu tusiyemjua. Tuliporudi tulikuta hakuna aliyeingia. Mbuzi wa jirani walikuwa wamefungwa palepale tulipowaacha. Tangu hapo mama aliapa kwamba hatakimbia tena kwa neno la kusikia, atakimbia siku atakapoambiwa na mtu aliyeona. Mwalimu aliwahi kumfundisha kaka yangu huko nyumbani, kwa hiyo yeye na mama walijuana, na kila nilipompa simu wasalimiane walisifiana kwa akili. Mimi nilikaa katikati yao na hofu yangu.

Kazi ya Mwalimu hapa ilikuwa kufua na kukunja mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Jumapili baada ya misa alitutayarisha kwa mtihani wa uraia katika ukumbi wa parokia. Mtihani huo una swali linalotaka utaje mojawapo ya vita ambavyo Marekani ilipigana katika miaka ya elfu moja na mia nane na kitu. Jibu ni maneno mawili. Mwalimu alilifanyia kazi Jumapili nzima, kisha akaongeza nyingine.

Alikuwa na ugonjwa wa swali lile. Alituambia tusitaje vita kabla hatujajua watu walivijuaje. Akaanza na vita vya hapahapa, Texas na Meksiko, jinsi magazeti yalivyoweka wapanda farasi wa kupokezana barua kutoka uwanja wa vita mpaka pwani, hata habari ikaitangulia barua ya jenerali, na wakubwa wa nchi wakasoma ushindi wao gazetini kama sisi tunavyosoma mambo yetu kwenye simu. Akaenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, waya za telegrafu zikiimba, mama wa askari amesimama mlangoni mwa ofisi ya gazeti akingoja majina. Akamalizia na meli ya Marekani iliyolipuka katika bandari ya Kuba. Hapo alishusha sauti.

"Nani aliona aliyeilipua?" alituuliza.

Akajijibu mwenyewe.

"Hakuna. Lakini gazeti lilijua asubuhi. Wazamiaji hawajashuka majini, watu wako mezani, mkate mkononi, wameshataka vita."

Siku hiyo mama mmoja wa Kirundi, aliyekuwa na miadi ya mtihani wiki ileile, aliinua mkono akauliza kwa heshima, sasa afande akiniuliza nijibu nini. Mwalimu akamtazama kwa huzuni. "Sema Civil War, upite." Tulicheka mpaka padri akachungulia.

Ile habari ya mkate aliipenda sana. Aliamini kwamba katika karne ile vita viliingia nyumbani mwa watu kwa mara ya kwanza, na mlango wao ulikuwa kifungua kinywa. Kabla yake, alisema, vita vilikuwa vya waliokuwepo. Ndiyo maana nyumbani kwake simu haikuruhusiwa mezani asubuhi. Wageni waliziacha kwenye kabati la viatu, na tulikunywa chai tukisikia zikitetemeka humo ndani, kila mmoja akijaribu kutambua kama ni yake.

Msimdhanie kwamba aliwachukia waandishi. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi za kutunza wagonjwa alituambia tuwaheshimu, maana kazi yetu ilitoka kwao. Alisimulia vita vya Krimea, askari wa Kiingereza wakioza katika majeraha na kipindupindu na kwao hakuna ajuaye, mpaka mwandishi mmoja akasimama kilimani akaandika alichokiona. Watu waliokuwa wakinywa chai London wakakasirika. Blanketi zikaenda, wauguzi wakaenda, serikali ikaanguka. "Kalamu moja," alisema, akionyesha kidole kimoja. Tukajisikia wakubwa, sisi wenye sare za rangi ya samawati na miguu iliyovimba.

Kisha alitunyang'anya ukubwa huo palepale. Kalamu ileile, alisema, baada ya miaka si mingi ilishuka na mto wetu. Ilikuja na wazungu waliotumwa na magazeti, wakaandika kwamba wamepigana njia nzima na watu wasio na jina. Wachonga picha wa Ulaya, ambao hawajawahi kuvuka bahari, wakachonga mishale na moshi na meno yetu. Na walewale waliotuma blanketi Krimea wakasoma, wakatia siagi kwenye mkate, wakaona kwamba nchi ile haina mwenyewe. Tuliandikwa kwanza, tukatawaliwa baadaye. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikaogopa kufungua simu, na sikuweza kueleza kwa nini.

Wapo waliomchoka. Alikuwa mbishi, na mbishi aliyesoma ni mzigo mara mbili. Jirani mmoja alimwambia kwamba Waswahili walishasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, sasa yeye ni nani wa kubishana na wahenga? Mwalimu akamjibu kwamba wahenga hawakuwa na kitufe cha ku-forward.

Jambo lililompa heshima hata kwa waliomchoka lilikuwa lile la kiongozi wa kwaya. Kiongozi wetu wa kwaya ni Mrundi, mtu mpole mwenye sauti nzito, na alikuwa amehamishiwa zamu ya mwisho wa wiki kwenye ghala. Hakuja mazoezini. Muuguzi mmoja Mkenya wa sauti ya kwanza, anayeishi Lewisville, mji wa jirani, akaandika kwenye kundi la kwaya kwamba kiongozi amepotea sana siku hizi. Kwa Wakenya huo ni utani wa mtu uliyem-miss. Kwetu sisi mtu aliyepotea ni yule aliyechukuliwa na mwili wake haukuonekana. Mmoja wetu aliinakili habari hiyo kwenye kundi la Wakongo akiacha maneno ya mwisho, kwa hiyo ikafika hivi: kiongozi amepotea.

Kabla ya saa ya chakula cha jioni, kwa maneno ya kundi, alikuwa ameshakamatwa na watu wa uhamiaji mlangoni mwa ghala. Kabla ya kulala walikuwa wamekamata wengine pamoja naye. Asubuhi yake kuna familia hazikwenda kazini. Mama mmoja aliwafungia watoto ndani na mapazia yameshushwa, akawakataza hata kuvuta maji chooni kwa nguvu. Mimi nilikwenda kazini, lakini nilizunguka njia za ndani nisipite barabara kubwa, na kila gari jeupe likikaa nyuma yangu niliingia kando lipite. Karatasi zangu ni halali, na niliogopa vilevile.

Mwalimu alichukua fimbo yake akaanza mlango mpaka mlango. Kila nyumba aliuliza swali moja: wewe ulisikia kwa nani? Akipewa jina, akaenda kwa huyo. Watu walimfungulia kwa kupitisha jicho tu. Akarudi nyuma hivyo, jina kwa jina, mpaka akafika kwa yule Mkenya, akampigia simu kupitia kwangu. Dada wa watu alicheka alipoelewa, kisha akasikia habari za watoto waliofungiwa, akalia. "Mwalimu, pole sana, aki mimi nilikuwa tu na-joke." Mwalimu hakumlaumu. Alimwambia kwamba hata neno la kweli likivuka mpaka hubadilishiwa nguo. Jumapili kiongozi wa kwaya aliingia kanisani kwa miguu yake, akashangaa kwa nini watu wazima wanamgusa mabega.

Baada ya hapo nilimwamini Mwalimu kuliko nilivyojiamini. Kila audio iliyoingia kwenye simu nilimpelekea, na kila mara alitafuta aliyeona, akamkosa, akaniambia mama akae. Mara zote hizo alisema kweli, na mara zote mama alinicheka. "Mwambie Mwalimu aishi sana," alisema.

Lakini kuna mambo niliyoyaona kwake ambayo sikuyaelewa. Hapa kwetu ving'ora vya tufani hujaribiwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, mchana kweupe, na mbingu safi. Mwalimu ndiye aliyewaeleza wageni wapya kwamba ni majaribio, wasitishike. Siku moja nilikuwa kwake king'ora kilipolia. Alikuwa katikati ya sentensi. Aliondoka kitini, akaingia bafuni, akalala ndani ya beseni la kuogea na mikono juu ya kichwa, mtu mzima yule, na viatu vyake. Kilipoisha alitoka, akakaa, akamalizia sentensi yake. Nikamwogopea, na nikajiogopea mimi niliyemtegemea.

Jingine ni hili. Mtu aliyedai kwa kila mmoja awe ameona, yeye mwenyewe hakuwahi kusema aliona nini. Tulijua shule yake iliingiliwa na wapiganaji. Tulijua mkewe alifia kambini baadaye. Mengine yote aliyapita. Ukimsogeza karibu na habari hiyo alikupeleka Krimea, na ukimsogeza tena alikupeleka Kuba. Alivijua vita vya watu waliokufa zamani kwa utulivu mkubwa, na mimi nilidhani huko ndiko kusoma.

Mwishowe presha ilimpanda, na binti yake, anayefanya kazi hospitalini Houston, akaja kumchukua. Kabati la viatu likabaki tupu na sisi tukabaki na simu zetu. Niliambiwa kwamba huko Houston binti alimfichia simu ndani ya pipa la mchele kwa amri ya daktari, na kwamba Mwalimu aliikuta siku ya pili, maana ndiye anayepika.

Safari yangu ya mwisho kwake ilikuwa Jumamosi. Audio ilikuwa imeingia alfajiri nikiwa navaa viatu vya kazi. Haikuwa ndefu. Mwanaume alikuwa anahema, halafu akasema, "Banakuya. Kama uko na mutu kule, umutoshe." Yaani wanakuja, umtoe. Hakutaja jina, mahali wala saa. Nilikuwa nimesikia nyingi za namna hiyo, lakini hiyo niliirudia nimesimama na kiatu kimoja. Nikampigia mama, akasema watu wamejaa sokoni kama kawaida, nani ameona? Nikaomba ruhusa kazini, nikaingia kwenye gari nikaelekea Houston. Ningeweza kumpigia Mwalimu simu. Nilitaka kuuona uso wake akisikiliza.

Sikufungua redio njia nzima. Niliendesha huku nikimwandalia maneno yake: Huyo Ba iko nani? Niliyataka maneno hayo. Nilitaka anitoe hofu kama alivyonitoa zote zilizotangulia, nirudi Grand Prairie kabla ya giza nimpikie mume wangu.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda shingo, na joto la Houston lilikuwa limemlowesha shati. Binti yake alikuwa kazini. Tulikaa sebuleni, nikamwekea audio. Alisikiliza amefumba macho. Akaniambia niiweke tena. Akaniambia niiweke tena, na safari hii aliegemeza sikio kwenye simu kabisa, na nikaona kwamba hasikilizi maneno, anasikiliza ile pumzi.

Nikangoja swali lake. Badala yake aliniuliza goti la mama likoje. Akaniuliza yule binti wa shangazi yuko nyumbani au ametoka. Akaniuliza kule jua limefika wapi. Nikamwambia ni alasiri, bado kunaonekana.

"Mwambie atoke," alisema.

Nikamwambia, "Mwalimu, hakuna aliyeona."

"Benye kuona habapige simu."

Kisha akasema mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia Grand Prairie. Alisema kwamba asubuhi ile ya shule ilikuja banasema tu, kama hii. Mkewe hakungoja, alimbeba mtoto akaenda. Yeye alisimama getini akiuliza wapita njia nani ameona, kwa kuwa alikuwa mwalimu na watu walikuwa wakimtazama. Basi akaona. Aliona akiwa juu ya dari ya darasa la pili, kupitia tundu la taa, na wale walioingia walichukua muda mrefu. Hakueleza zaidi. Alisema tu kwamba binti anayemfichia simu leo yuko hai kwa sababu mama yake aliamini neno lisilo na mwenyewe.

"Sasa zile mara zote?" nilimuuliza. "Ulizoniambia akae?"

"Nilikuwa naogopa vilevile. Nilibahatisha."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijiona nimemwacha mama yangu miaka yote juu ya bahati ya mzee mmoja anayelala kwenye beseni. Nilitaka kumkasirikia na sikuwa na nafasi. Nikapiga simu, nikaweka spika.

Mama alipokea kwa furaha. Nikamwambia atoke, sasa hivi, na binti, asibebe kitu. Nyuma yake nilisikia watoto wakicheza na mtu anatwanga. Kisha akaniuliza, bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyemzika mtoto pembeni ya shamba la watu, "Nani ameona?"

Mwalimu alinyoosha mkono akaichukua simu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi Mwalimu." Akavuta pumzi. "Nimebaona. Na macho yangu."

Mama hakumuuliza mtu aliyeko Houston ameonaje watu walioko kando ya ziwa. Labda alidhani ni video. Labda hakudhani kitu, alisikia tu neno alilokuwa akilingoja tangu siku ile ya mvua, likitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kulisema ovyo. "Sawa, Mwalimu," alisema. Tulimsikia akimwita binti amletee viatu. Tulisikia mlango ukivutwa na kufuli likikataa, likikataa tena, kisha likakubali. Halafu simu ikakatika.

Mwalimu alinirudishia simu. Nilimshukuru, na shukrani yangu akaikataa kwa kichwa. Alisema wasipokuja, mama atakuwa ametembea tena bure na goti lile, na hatamwamini tena mtu yeyote mpaka kufa kwake, na atakuwa na haki.

"Sasa uombe Mungu nikuwe mubongo," aliniambia. "Omba sana."

Akapiga magoti kwenye zulia la binti yake, na mimi nikapiga magoti kando yake, tukaomba Mwalimu awe mwongo.